Kikaratasi Namba 1

Leo nataka tuzungumze kuhusu bahati. Lakini kwanza niwasimulie mchezo.

Tukiwa chuo kikuu tulikuwa kikundi cha watu watano. Jumamosi jioni tulikaa chumbani hosteli tukicheza Dungeons & Dragons. Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974, watunzi wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji ubao kama bao au drafti. Unahitaji karatasi, penseli, dadu na mdomo tu. Mmoja anakuwa msimulizi: anawaeleza pango, giza, joka lililolalia dhahabu. Wengine kila mtu ana mhusika wake: mpiga upanga, mpiga mishale, mganga. Msimulizi anauliza, "Mnafanya nini?" Mnabishana weee, mnaamua, kisha dadu ya pande 20 inasema kama mmefaulu.

Sisi dadu hiyo hatukuwa nayo. Tukaandika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kikombe. Unaokota kimoja, unasoma, unakirudisha. Ukipata 20 tunashangilia mpaka chumba cha jirani wanagonga ukuta. Ukipata 1, balaa! Raha yake siwezi kuieleza nikamaliza.

Mpiga mishale wetu alikuwa na tabia ya kuruka mitego bila kuikagua. Mara ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya sita, salama. Akaanza kututambia: "Mimi nina zali, mitego hainipati!" Siku moja akaokota namba 1. Shimo, nyoka, kwisha habari yake. Tulicheka mpaka machozi. Yeye akachukua karatasi mpya, akaandika mhusika mwingine, mchezo ukaendelea.

Sasa sikiliza, maana hapa hakuna utani. Katika kazi yangu nakutana na vijana wanaosema, "Nimeshafanya bila kondomu mara tatu, mbona sijapata kitu?" Huyo ni mpiga mishale wetu. Anasahau kwamba kikaratasi kinarudishwa kikombeni. Kikombe hakikumbuki kwamba jana ulipona.

Tupige hesabu. Ukiokota mara moja, namba 1 ina nafasi 5 katika 100. Ukiokota mara 10, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni kama 40 katika 100. Mara 20 ni kama 64. Sisemi kwamba hatari ya mimba au VVU ni hiyohiyo. Kila jambo lina kiwango chake. Nasema kupona jana si kinga ya leo, na kila unaporudia hatari inajilimbikiza.

Tena, katika maisha hupewi karatasi mpya ya kuandika mtu mwingine. Ni wewe huyo huyo.

Basi ufanye nini? Kusubiri ni uamuzi halali, usione aibu. Kama husubiri, kondomu kila mara, si mara mojamoja. Kama tayari umeteleza, au umelazimishwa, usijifungie chumbani ukilia. Kimbilia kituo cha afya. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba havifai kucheleweshwa zaidi ya siku 5. Na ukipimwa ukakutwa na VVU, zipo dawa; ukizitumia vizuri utaishi miaka mingi.

Jambo la mwisho. Msimulizi wetu hakuuliza "Unafanya nini?" Aliuliza "Mnafanya nini?" Kabla ya kuingia pangoni tulishauriana. Tafuta rafiki mmoja au wawili wa kweli, mzungumze kabla ya mtego, siyo baada.

Leo jioni chukueni kikombe, andikeni vikaratasi 20, kila mmoja aokote mara 20. Hesabuni ni wangapi wamekutana na namba 1. Kisha zungumzeni. Kazi kwenu!