Mahali pa Sheria katika Mafunzo ya Biashara

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa kunena habari ya mafunzo ya biashara, nami nitashika jambo moja tu, yaani sheria. Wengi wetu tulihudhuria masomo ya jioni, tukajifunza kutunza daftari za hesabu. Sheria ilikuja mwisho, majuma machache kabla ya mtihani, nasi tukaikariri kama katekisimu.

Kesi moja tuliikariri vema mno. Bwana Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, aligeuza biashara yake kuwa kampuni. Katika hisa 20,007 alishika 20,001, na watu sita wa nyumba yake wakashika moja moja. Kampuni ikafilisika. Mwaka 1896 Baraza la Malodi la Uingereza likakata kwamba kampuni ni mtu mbali, na madeni yake si ya Salomon. Lo, tulivyoifurahia hukumu ile!

Basi rafiki yangu akaunda kampuni, akataka mkopo, akaniomba niwe mdhamini. Nikatia sahihi bila kusoma, nikisema moyoni: ikianguka, itaanguka peke yake. Ikaanguka. Mkopeshaji hakusumbuka na rafiki yangu, alikuja kwangu. Kwa miezi 18 nilimlipa katika mshahara wangu, na mwanangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada.

Hapo ndipo nilipoisoma Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo ingali ikitumika Tanzania Bara, nayo ilifuata ile ya India ya 1872. Yasema kwamba wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mapatano yakisema vingine. Isipokuwa! Ningaliweza kuomba dhamana yangu iwekewe kiasi, na kampuni idaiwe kwanza. Hakuna aliyenikataza, sikujua kwamba huombwa.

Sisemi kila karani awe wakili. Nasema mwalimu aandikapo jina la mdaiwa ubaoni, siku ileile aweke mezani hati halisi ya dhamana, isomwe neno kwa neno, na wanafunzi watafute mahali pa kubishana. Kesi za London zaweza kungoja.

Halmashauri yachagua vitabu vya masomo yajayo. Hati yangu ninayo hapa, na jina la mkopeshaji nimelifuta. Apendaye aje aisome baada ya mkutano.