Nakala ya Jirani

Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosikika redioni



Kiwanda kikitoa moshi usiku, nani anajua kilichomo ndani ya moshi huo? Mwenye kiwanda anajua, au anaweza kujua akitaka. Injinia wake anajua. Pengine karani fulani wa serikali analo jalada lenye maelezo hayo, nalo limefungiwa kabatini. Lakini mama anayeanika nguo upande wa pili wa ukuta hajui. Yeye anajua harufu tu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na kwa muda mrefu viwanda vya dunia nzima vilistarehe chini ya methali hiyo.

Leo nataka tuzungumze habari za sheria moja ya Marekani iliyojaribu kumnyang'anya mwosha siri yake. Sikuichagua kwa kuwa Wamarekani ni wasafi kuliko wengine. La hasha, sumu waliyomwaga wao katika mito na mashimo ni nyingi mno. Nimeichagua kwa sababu iliamuru hesabu ya sumu iwekwe ndani ya kompyuta ambamo raia yeyote aweza kuisoma, na kwa sababu imetumika muda wa kutosha sasa, tumeona inachoweza na isichoweza.

Chanzo chake ni India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuua wadudu cha kampuni ya Union Carbide. Maelfu ya watu walikufa, wengi wao watu maskini waliojenga vibanda karibu na ukuta wa kiwanda. Madaktari walipokea wagonjwa waliopofuka na kukosa pumzi bila kujua ni gesi gani hasa iliyowaunguza, wala iponywe kwa dawa gani.

Kule Marekani watu wakajiuliza: je, na sisi? Halikuwa swali la bure, maana kampuni hiyohiyo ilikuwa na kiwanda kilichotengeneza gesi hiyohiyo mahali paitwapo Institute, katika jimbo la West Virginia. Agosti 1985, miezi minane tu baada ya Bhopal, kemikali nyingine ikavuja pale Institute, na watu zaidi ya mia moja wakahitaji matibabu. Hapo maneno ya kutuliza watu yakaisha nguvu. Oktoba 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua.

Sheria hiyo ina mambo mengi, lakini kifungu kinachonihusu leo ni cha 313. Kinasema hivi: kiwanda chenye wafanyakazi kumi au zaidi, kikitengeneza au kusindika kemikali iliyomo katika orodha kupita ratili 25,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo 11,000, au kikiitumia kwa namna nyingine kupita ratili 10,000, basi kila tarehe 1 Julai kitaje ni kiasi gani cha kemikali hiyo kilikwenda hewani mwaka uliotangulia, kiasi gani majini, kiasi gani ardhini, na kiasi gani kilipakiwa katika malori kikapelekwa kwingine. Orodha ilianza na kemikali zaidi ya mia tatu. Leo ni karibu mia nane. Wenyewe wanaiita TRI, nami nitaiita Orodha ya Sumu.

Angalia, msikilizaji, sheria hii haikusema. Kifungu hiki hakikukataza kiwanda kumwaga hata kikombe kimoja, maana viwango vya kumwaga vimo katika sheria nyingine. Hiki kilisema tu: andika ulichomwaga, utie saini, watu wasome. Asiyeandika alitozwa faini iliyoweza kufika dola 25,000, na kila siku ya kuchelewa ikihesabiwa kuwa kosa jingine.

Wapo waliocheka. Karatasi itamzuia nani? Taarifa za kwanza, za mwaka 1987, zilipaswa kufika Julai 1988. Siku chache kabla tarakimu hazijaanza kuenea, Richard Mahoney, mkuu wa kampuni kubwa ya kemikali ya Monsanto, alitangaza kwamba kampuni yake itapunguza sumu inazotoa hewani kwa asilimia 90 ifikapo mwisho wa 1992. Hakuna hakimu aliyemwamuru. Alikuwa ameiona hesabu ya viwanda vyake mwenyewe, akajua kesho yake itasomwa na waandishi wa habari, wenye hisa na majirani. Nadhani hata yeye hakuwa amewahi kuiona ikiwa imejumlishwa mahali pamoja namna hiyo. Kampuni nyingi zilikuwa hivyo: kila kiwanda kilijua chake, na aliye juu hakujua jumla.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana ndipo penye uhondo wenyewe.

Hapo mwanzo kazi ilikuwa ya makaratasi. Kiwanda kilijaza fomu moja kwa kila kemikali, kikapeleka nakala kwa EPA, yaani shirika la serikali kuu linalohifadhi mazingira, na nakala nyingine kwa ofisi ya jimbo lake, kwa kuwa sheria inataka pande zote mbili zipate. Kisha makarani wakakaa kuzipiga tarakimu hizo moja moja ziingie katika kompyuta. Aliyewahi kufanya kazi ya ofisi anajua kinachotokea hapo. Sifuri inaongezeka, nukta inahama, jina la kiwanda linaandikwa kwa namna tatu. Na kwa kuwa jimbo nalo lilishika nakala yake lenyewe, ilikuwa rahisi sumu moja, ya kiwanda kimoja, ya mwaka mmoja, iwe na hesabu mbili katika ofisi mbili. Na hesabu zikiwa mbili, wakili wa kiwanda huchagua ile iliyo tamu.

Baadaye zikaja disketi, kisha programu za kujazia fomu, kisha intaneti. Mwaka 2013 EPA ilitoa kanuni, na kuanzia Januari 2014 taarifa hizi sharti ziletwe kwa njia ya kompyuta, isipokuwa zile zinazodai siri ya biashara. Kituo cha kupokelea ni kimoja. Programu humwonyesha mjazaji alichoandika mwaka uliopita na kumwonya anapokosea. Halafu taarifa hiyohiyo, bila mtu kuiandika upya, hupelekwa kwenye jimbo, ikiwa jimbo limejiunga na mpango wa kubadilishana taarifa. Kiwanda kinatuma mara moja, serikali mbili zinapokea. Kilichopo katika jimbo ambalo halikujiunga hakina budi kutuma nakala ya pili. Na tangu 2012 viwanda vilivyo katika ardhi ya makabila ya wenyeji wa asili hupeleka nakala kwa serikali za makabila hayo badala ya jimbo.

Wakubwa wa serikali husifu mfumo huu kwa kupunguza gharama na kuongeza kasi. Ni kweli, lakini mimi nausifia jambo jingine. Afisa wa Washington, afisa wa jimbo, mkuu wa zimamoto na mwalimu anayeishi mtaa wa pili, wote wanasoma tarakimu ile ile. Hakuna wa kumwambia mwalimu kwamba jalada limepotea, au mwenye ufunguo kasafiri, njoo kesho. Sisi tunaoijua njoo kesho tunaweza kuupima uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo, orodha hii ina matundu. Kwanza, tarakimu hizi huandikwa na kiwanda chenyewe, na sheria hairuhusu tu kukadiria, bali haikilazimishi kiwanda kununua hata kipimo kimoja kipya. Pili, uzito si ukali. Kwa miaka mingi anayeongoza Orodha ya Sumu kwa wingi ni mgodi wa zinki na risasi uitwao Red Dog, huko Alaska, kwa sababu mwamba unaochimbwa na kurundikwa una madini hayo ndani yake na yote huhesabiwa. Wakati huohuo kilo chache za sumu kali katikati ya mji zimejificha chini kabisa ya orodha.

Tatu, yupo asiyeandikwa kabisa. Zipo karakana zinazosafisha vifaa vya hospitali kwa gesi ya ethilini oksaidi, ambayo husababisha saratani, na nyingine ziko katikati ya makazi ya watu. Nyingi hazikutakiwa kuleta taarifa, kwa sababu tu aina ya biashara yao haikuwamo katika sheria. Ilibidi kufika Desemba 2021 ndipo EPA ikaziingiza karakana 29 za namna hiyo. Gesi ilikuwa katika orodha miaka yote hiyo. Aliyekosekana ni mtoaji wake.

Tundu la nne ndilo linaloniumiza zaidi. Katika mji wa Vernon, karibu na Los Angeles, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, mali ya kampuni ya Exide. Kilikuwa chini ya sheria hiyohiyo, katika nchi yenye kompyuta kila meza. Kwa miongo mitatu kiliendeshwa kwa kibali cha muda. Kilipofungwa mwaka 2015, udongo wa maelfu ya nyumba za jirani, nyingi za wahamiaji na wafanyakazi wa kipato cha chini, ulikuwa umekwisha kuingia risasi. Mwaka 2020 mahakama ya ufilisi iliiruhusu kampuni kujitoa na kuuacha uwanja ule, na mzigo wa kusafisha ukabaki kwa walipa kodi. Tarakimu zilikuwapo, na mtu wa kuzifanyia kazi hakuwapo, au alikuwa na shughuli nyingine.

Nimeutaja mfano huo makusudi, kwa sababu kazi ile ile ya kuyeyusha betri tunaifahamu katika pwani yetu. Pale Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha namna hiyo kiliendeshwa jirani kabisa na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Bibi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, ndiye aliyesimama mbele kudai majibu, akakamatwa na kushitakiwa kabla ya kuachiwa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tofauti ya Vernon na Owino Uhuru ni ipi, basi, ikiwa risasi iliingia kote? Kwa maoni yangu ni hii: mkazi wa Owino Uhuru ilimbidi athibitishe kwa damu ya mwanawe kwamba risasi ilitoka. Huko Marekani, tangu 2001, kiwanda kinachogusa risasi kupita ratili 100 tu, kama kilo 45, hutakiwa kusema chenyewe kimetoa ngapi. Mzigo wa kuanza kusema uko juu ya kiwanda. Taarifa inachelewa, naam, inaweza kufika mwaka mzima na zaidi baada ya moshi kutoka, wala haimponyi mtoto. Lakini mzazi haanzi na sindano.

Nisije nikaeleweka kwamba huko mambo yametulia. Desemba 2006 serikali ya Rais Bush ililegeza kanuni, ikaruhusu viwanda vingi zaidi kujaza fomu fupi isiyo na tarakimu za kina. Kikomo kwa kemikali nyingi kilipandishwa kutoka ratili 500 hadi 5,000. Hoja ilikuwa kuwapunguzia wenye viwanda kazi ya ofisini. Majimbo kadhaa, New York likiwa mbele, yalikwenda mahakamani. Yalikuwa yanategemea tarakimu hizo kwa kazi zao wenyewe, na ghafla mwenzao wa Washington alikuwa anaziba bomba wanalonywea wote. Machi 2009 Bunge la Marekani lilirudisha kanuni ya zamani.

Halafu Februari 2025 EPA iliiondoa katika intaneti ramani yake iitwayo EJScreen, iliyoonyesha mtaa kwa mtaa nani anaishi karibu na uchafuzi gani, ikitumia pia hesabu za Orodha ya Sumu. Ilitoweka kwa siku moja. Jalada la karatasi lingehitaji lori na watu wa kubeba. Hili lilihitaji mtu mmoja kwenye kiti. Lakini watafiti na vyama vya raia walikuwa wamekwisha kuzinakili takwimu zake, wakaijenga upya ramani hiyo na kuiweka wazi nje ya serikali. Waliweza kwa sababu kilichokwisha kugawanywa kwa wengi hakikusanyiki tena kwa urahisi.

Ramani ilikuwa kazi ya ofisi, na ofisi iliweza kuiondoa. Orodha yenyewe, na lile agizo la kuiweka katika kompyuta kwa ajili ya watu wote, vimo ndani ya sheria ya 1986. Atakayetaka kuvifuta sharti aende Bungeni, apige kura mchana, na jina lake liandikwe.