Tupeleke Kesi, Tusimpeleke Mtoto

Mazungumzo na walimu wa ushauri nasaha na wasaidizi wa ustawi wa jamii, Dodoma

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wetu na wenzetu wa nchi nyingine wanaofanya kazi ya ustawi wa jamii mashuleni.

Marekani kazi hii ilianza miaka ya 1906 na 1907, katika miji ya New York, Boston na Hartford. Walioifanya waliitwa walimu watembeleaji, kwa kuwa waliwafuata watoto majumbani. Huku kwetu shule nyingi hazina afisa wake wa ustawi. Kazi humwangukia mwalimu wa ushauri nasaha, mwenye vipindi vyake vyote, na afisa wa halmashauri mwenye kata nyingi na pikipiki moja, ikiwa ina mafuta.

Hata hivyo mfano mzuri tunao. Kuanzia mwaka 2006 Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kuandaa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii. Yatima wa UKIMWI walikuwa wengi na wataalamu wachache mno. Kinachonipendeza ni mpangilio wake: siku chache darasani, kisha miezi ya kazi chini ya usimamizi, halafu darasani tena. Mshiriki alirudi na maswali aliyoyakuta kijijini mwake.

Sasa tuangalie utoro. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Uwele na mtama vikianza kukomaa, kweleakwelea wanashuka, na mtoto anapelekwa shambani alfajiri kuwafukuza. Mwalimu anayeandika "mtoro sugu" ataita mgambo. Anayeandika "analinda ndege" ataongea na baba na majirani wapange zamu za watu wazima. Mwenzetu wa nje hatalijua hili tusipomwambia, nalo linaweza kumfaa. Marekani nako wako watoto ambao wazazi wao huhama shamba hadi shamba kufuata mavuno, na masomo yao hukatika.

Tena nchi za nje si Ulaya na Marekani peke yake. Zambia iliweka utaratibu wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1997. Sisi Tanzania Bara tuliruhusu Novemba 2021. Nani atabaki na mtoto mchanga? Mama huyu atakaaje darasani na wanaomcheka? Wenzetu wa Zambia wamekutana na maswali haya kwa zaidi ya miaka ishirini. Barua ya kwanza mimi ningeipeleka Lusaka.

Lakini liko jambo linalonisumbua. Katika barua na taarifa zetu kwa marafiki wa nje mara nyingi huwemo picha ya mtoto, jina lake, kijiji chake, hata ugonjwa wa mama yake. Tunadhani zimekwenda mbali. Siku hizi picha hurudi kwa simu kabla barua haijajibiwa, na mtoto anafika shuleni kumbe habari zake zimemtangulia. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo yafaa kila ofisi iisome. Lakini hata isingekuwepo, mtoto alikueleza wewe, hakuwaeleza wafadhili. Akijua maneno yake yamesambazwa, hatakueleza tena, na kesho akipigwa au akiguswa vibaya atanyamaza.

Kwa hiyo naomba tupeleke kesi, tusimpeleke mtoto. Andika umri, tatizo, hatua ulizochukua, na hasa pale ulipokwama. Acha jina, shule, kijiji na picha. Kisha mdai mwenzako naye alete kesi yake aliyokwama, kwani upande mmoja ukieleza matatizo na mwingine ukitoa majibu tu, hiyo ni ripoti. Akikuletea fomu yake, ijaribu kwanza kwa familia mbili tatu. Ikiuliza "baba na mama" wakati mtoto analelewa na bibi, irekebishe, na umwambie umeirekebisha.

Karatasi ziko mezani. Kabla ya chai kila mmoja aandike kesi moja ya namna hiyo, halafu abadilishane na jirani yake. Jirani akiweza kumtambua mtoto, iandikwe upya.