Binamu Yako Marekani Hana Makaratasi? Aanzie kwa Jaji wa Watoto

Wengi wenu mna jamaa Marekani: Minneapolis, Columbus, na kwengineko. Huenda mmoja wao ni kijana aliyefika huko bila babake, akakaa kwa mjomba au khalati, na mpaka leo hana makaratasi. Huyo ndiye nataka tumzungumzie.

Sheria ya Marekani, tangu 1990, ina kinga kwa mtoto mhamiaji aliyeteswa na mzazi, au ambaye mzazi hakumtunza au alimtupa. Mwaka 2008 ikapanuliwa: hata mzazi mmoja akifanya hivyo, yatosha. Kwa hivyo mtoto anayekaa na mama mwema, lakini baba alimkimbia, naye anaweza kuomba.

Sasa sikizeni, hapa ndipo watu hukosea. Wanakimbilia idara ya uhamiaji moja kwa moja. La! Kwanza ni mahakama ya jimbo, ile inayosikiza kesi za watoto na familia. Jaji wa pale hatoi makaratasi. Ni kama kadhi wetu: ataamua ndoa, talaka na mirathi, lakini pasipoti si kazi yake. Jaji yule anaandika ni nani atakayemlea mtoto, kwamba haiwezekani arudishwe kwa mzazi aliyemdhulumu, na kwamba si kwa maslahi yake kurudi nchi aliyotoka. Uamuzi huo ndio unaopelekwa uhamiaji. Bila huo, ombi halisimami.

Na mazoea yetu yanatuponza. Kwetu mjomba akichukua mtoto, amechukua, nani ataenda mahakamani? Kule, malezi ya namna hiyo hayatoshi kwa ombi hili, hata kama mjomba amelea miaka kumi.

Halafu umri. Ombi la uhamiaji liingie kabla hajatimiza miaka 21. Lakini majimbo mengi, ukifika 18, mahakama ya watoto haikujui tena. New York na California zimefungua mlango wa ulezi hadi 21. Yaani vijana wawili, dhulma ni ile ile, mmoja anaokoka na mwengine anakosa kwa sababu ya anapoishi tu. Mimi hilo sioni haki yake.

Na ndoa pia! Akioa au akiolewa kabla ombi halijaamuliwa, amejifungia mlango. Wazee wenye haraka ya kuozesha waambiwe.

Akikubaliwa, bado kuna foleni ya kadi ya ukaazi, na yaweza kuchukua miaka. Tena hataweza kumuombea mamake makaratasi kamwe, hata kama mama hakukosa lolote. Hiyo ni chungu, lakini ajue mapema.

Wakili je? Kwenye kesi ya uhamiaji mtoto hana haki ya kupewa wakili na serikali. Wapo watoto wanaosimama mbele ya jaji peke yao. Atafute shirika la msaada wa sheria lililozoea kesi hizi, maana hata baadhi ya majaji wa majimbo hawazijui vizuri.

Kwa hivyo leo jioni mpigie binamu yako. Muulize ametimiza miaka mingapi.