Samaki Laki Moja Waliomwagwa Bandarini



Pita ufukweni Ijumaa asubuhi katika vijiji vyetu vingi vya pwani. Utakuta ngalawa zimepandishwa mchangani na nyavu zimeanikwa. Mzee mmoja kakaa kivulini, wavu kaubana kwa kidole gumba cha mguu, mkononi ana sindano ya mti, anaziba tundu lililotobolewa na jiwe jana yake. Umuulize kwa nini leo hakuna aliyetoka, atakujibu bila kuinua macho: "Leo Ijumaa."

Dini yenyewe haikumfungia mvuvi siku nzima. Tulivyofundishwa ni kwamba ikinadiwa sala ya Ijumaa watu waache biashara, na ikishasaliwa watawanyike wakatafute riziki. Ile asubuhi nzima ya kukaa nchi kavu imeongezwa na kijiji, na kijiji kilijua kinachofanya. Mvuvi hajui atarudi saa ngapi. Upepo ukimkatikia nje ya mwamba, adhana itamkuta huko huko.

Sasa fikiria dema. Dema lililotegwa Alhamisi jioni linavua Ijumaa kutwa, na mwenyewe yuko msikitini safu ya mbele. Hapo ndipo wengi wetu tunakumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni, cha watu wa Sabato, waliokaa mji wa ufukweni ambao wafasiri wengi wanasema ni Ayla, karibu na Aqaba ya leo huko Jordan. Wao walikatazwa kuvua Jumamosi, na mtihani wao ukawa kwamba samaki walikuja juu ya maji Jumamosi hiyo hiyo, siku nyingine hawaonekani. Wakafanya hila. Inasimuliwa kwamba walitega Ijumaa na kuopoa Jumapili. Mwisho wao ukawa adhabu.

Ijumaa si Sabato, na mwenye dema hana kosa. Ninachokitaka mimi katika kisa kile ni namna mji ulivyogawanyika: waliovua, waliowakanya, na waliosema ya nini kujisumbua kuwakanya. Mkulima akipumzika, mahindi yake atayakuta kesho palepale. Samaki hana mwenyewe mpaka aingie wavuni. Wewe ukipumzika na jirani yako asipumzike, amechukua samaki, na amechukua na bei. Ndiyo maana siku ya mapumziko baharini haijawahi kuwa jambo la mtu na Mola wake peke yao. Ni mapatano ya pwani nzima, na akitoka mmoja tu, waliobaki wanaumia.

Kisa kinachoonyesha hayo kuliko vyote ninavyovijua kilitokea mbali na kwetu, Newlyn, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, mwaka 1896.

Watu wa Newlyn walikuwa Wamethodisti wa kweli. Mhubiri wa madhehebu hayo, John Wesley, alianza kufika Cornwall mwaka 1743, akahubiri viwanjani kwa wachimba madini na wavuvi, na Newlyn kwenyewe alihubiri. Vitukuu vya wale waliomsikiliza hawakutia chombo majini Jumapili. Walivua samaki wa jamii ya vibua, na vibua wa kule, kama wa kwetu, huvuliwa usiku. Chombo hutoka alasiri, nyavu hutandazwa jua likizama zikaachwa zielee, na kabla ya alfajiri huvutwa. Kwa hiyo vibua wa sokoni Jumatatu asubuhi ni vibua wa usiku wa kuamkia Jumatatu, na usiku ule watu wa Newlyn walikuwa majumbani mwao.

Zamani hilo halikuwa na uzito. Samaki waliliwa karibu au walitiwa chumvi. Ila mwaka 1859 daraja la reli lilivuka mto Tamar, na Cornwall ikaunganishwa na London. Kibua ni samaki anayeharibika upesi kupita wengi, na sasa aliweza kupakiwa behewani bado mbichi akauzwa mji mkuu. Na kila masika walikuja wavuvi wageni kutoka Lowestoft, upande wa pili wa Uingereza, na vyombo vyao vikubwa. Wageni hao hawakushika Jumapili. Jumatatu soko lilikuwa tupu na lina njaa, bei iko juu, nao ndio pekee waliokuwa na samaki. Wenyeji walipofika Jumanne na wa kwao, soko lilikwisha shiba.

Msikilizaji, jiweke mahali pa baba wa Newlyn. Amekaa kanisani Jumapili na wanawe, na kupitia dirishani anaona matanga ya wageni yakitoka ghubani. Anajua kila tanga lile linakwenda kuchukua nini. Miaka kadhaa amevumilia.

Jumatatu tarehe 18 Mei 1896 uvumilivu ukaisha. Vyombo vya Lowestoft vilipoingia bandarini na samaki wao, wanaume wa Newlyn walivipanda, wakashika makapu ya samaki na kuyamwaga majini. Inakadiriwa samaki 100,000 walimwagwa siku ile. Piga picha ya bandari ndogo ya mawe, maji yamefunikwa matumbo meupe ya samaki, na watu waliozaliwa wakifundishwa kwamba kuchezea riziki ni dhambi ndio wanaowamwaga. Mimi hapo ndipo naona ukubwa wa uchungu wao. Mvuvi hamwagi samaki.

Wageni wakakimbilia Penzance, mji wa jirani. Newlyn wakaungana na wenzao wa Mousehole, Porthleven na St Ives wakawafuata huko huko, wakakuta watu wa Penzance wamesimama upande wa wageni. Barabara ya ufukweni ikawa uwanja wa marungu na mawe. Polisi walizidiwa. Serikali ikaleta wanajeshi zaidi ya 300 wa kikosi cha Royal Berkshire, na meli za kivita zikaja kutia nanga ghubani. Meli za kivita, kwa ajili ya vibua.

Ghasia zilitulia, lakini Jumapili ya Newlyn haikulindwa na bunduki zile. Mwaka uliofuata, 1897, Lowestoft ilishusha majini chombo chake cha kwanza cha mvuke kilichoundwa mahsusi kwa uvuvi wa nyavu za kuelea. Chombo cha mvuke kinakula makaa, na mwenye gharama kubwa anaona kila siku ya kupumzika ni hasara.

Wala Newlyn hawakuwa wa kwanza. Juni 1883, huko Strome Ferry, magharibi ya Scotland, wavuvi wapatao 150 waliiteka gati ya reli siku ya Jumapili ili samaki wa kwenda London wasipakiwe. Polisi waliokuja walipigwa. Wanaume 10 walihukumiwa kifungo cha miezi minne. Tazama: huko pia ni samaki, Jumapili na reli.

Nisije nikawafanya mdhani haya ni mambo ya Ulaya na yamepita. Pwani ya Ghana, Wafante na Waga hawaendi baharini Jumanne. Kwa Wanzema, magharibi zaidi, siku yenyewe ni Alhamisi. Ni mila ya kale kuliko makanisa yaliyojaa pwani ile leo: siku hiyo ni ya bahari, ni ya mungu wake, na mtu hafuati samaki mahali ambapo mwenye nyumba kapumzika. Mvuvi Mkristo anaishika, na Mwislamu anaishika. Jumapili anaweza kutoka akavua, Jumanne hatoki. Kwa mwaka hizo ni siku 52 ambazo mitumbwi inaiachia bahari, na zilihesabika hivyo kabla serikali haijaanza kufunga uvuvi wa mitumbwi kwa mwezi mzima, kama ilivyofanya kuanzia 15 Mei hadi 15 Juni 2019.

Na Jumanne yenyewe si ya kulala. Mitumbwi mirefu iliyochongwa gogo moja, ubavuni imeandikwa maneno ya rangi kali, imejipanga mchangani. Nyavu zimetandazwa, vijana kumi wamezizunguka wanashona. Mkuu wa wavuvi, ambaye Wafante humwita apofohene, hukaa na wazee wake wakasikiliza mashauri: nani kakata wavu wa nani, nani hajalipa deni la mafuta, nani kaonekana akitoka siku isiyo yake. Huyo wa mwisho hutozwa faini, na hulipa, kwa sababu kesho atahitaji mikono ya watu wale wale kuusukuma mtumbwi wake majini.

Nje huko, meli za kukokota nyavu zinafanya kazi Jumanne kama siku nyingine yoyote. Nahodha wa meli hizo hamjui apofohene, na hakuna aliyekaa mchangani pale mwenye uwezo wa kumwita barazani.