Meza na duka, Mtaa wa Kongo

Kila wamachinga wanapoondolewa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, husemwa wamevamia eneo la biashara. Historia inasema vingine. Kabla ya maghorofa, Kariakoo ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba pande mbili za ukumbi, na barazani paliuzwa maandazi, mkaa wa kopo na mafuta ya taa ya kupima. Soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliikuta biashara hiyo. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni, biashara ikapanuka, na maghorofa yakafuata faida.

Wapo wanaosema, na wana hoja nzito, kwamba mwenye fremu hulipa pango na kodi huku meza ya machinga ikimzibia mlango, na gari la zimamoto halipiti. Lakini mara nyingi bidhaa za meza hiyo zimetoka ndani ya duka hilohilo, kwa mali kauli, yaani kuchukua mali na kulipa baada ya kuuza. Kumhamisha machinga mbali na wapita njia ni kumnyima mwenye duka muuzaji wake. Ichorwe njia ya zimamoto, meza zipimwe, ushuru uwe unaolipika, na wamachinga wabaki hapo.