Matembezi ya Mzunguko kutoka Nyakato

Leo nataka tutembee pamoja, si kwa motokaa wala kwa baiskeli, bali kwa miguu. Twaanzia Nyakato, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, na Nyakato ndipo tutakaporudi, ila kwa njia nyingine. Ni kazi ya siku nzima. Basi mtu na aondoke alfajiri, achukue maji na viazi vya kuchemsha, na kofia asiisahau.

Twashika barabara ya Musoma kuelekea mjini, twapita Buzuruga na Mabatini. Barabara yenyewe ni maduka na vumbi, sina mengi ya kuisifu. Inueni macho mtazame vilima. Mawe makubwa kuliko nyumba yamekaa moja juu ya jingine, hata mgeni hudhani yamepangwa kwa mikono. Hayakupangwa. Mwamba huu ni wa itale, na umri wake wapita miaka milioni 2,500. Zamani ulifunikwa na udongo. Maji yakapenya katika nyufa zake, yakazila kingo polepole hata vipande vikawa mviringo. Kisha mvua zikauchukua udongo, mawe yakabaki wazi.

Baina ya mawe hayo ndimo ilimosalia miti. Mikuyu huteremsha mizizi yake katika nyufa kutafuta maji, na pimbi huota jua juu ya majabali. Yuko na mjusi mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, ambaye wataalamu wamempa jina la Agama mwanzae, yaani wa Mwanza. Vilima vingi sasa vimejaa nyumba, na miti imekatwa kwa kuni. Palipo uchi, mvua hushuka na mchanga hata milangoni mwa watu. Wasukuma wa zamani hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Walikuwa na ngitili, kipande cha ardhi kilichofungwa wakati wa mvua ili majani na miti viote, ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi.

Tukifika mjini, twende kwanza ufukoni. Pale karibu na kivuko cha Kamanga lasimama majini Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la waziri mkuu wa Wajerumani. Wajerumani walijenga boma lao Mwanza mwaka 1892, na Waingereza wakauteka mji Julai 1916. Tawala zote mbili zimekwisha kuondoka, jiwe lingalipo.

Sasa twapanda Isamilo, na hapa tukae kitako. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kuu kutoka kilima hiki. Mwenziwe, Burton, alikuwa amebaki Kaze, karibu na Tabora, hali mgonjwa. Speke alimwuliza mwenyeji mmoja ziwa laishia wapi upande wa kaskazini. Yule mtu akarusha mkono mara kwa mara na kualiza vidole, maana yake ni mbali mno. Mjini pana mnara wa saa wenye kibao cha kumkumbuka Speke. Kibao hicho hakimtaji Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akakaa Bara Hindi, kisha akawa mkalimani wa safari ile. Wala hakiwataji wavuvi waliokuwa wakilivua ziwa hili vizazi vingi kabla mgeni hajalipa jina la malkia wake. Mimi naona kibao kingekuwa na nafasi ya kutosha.

Kutoka Isamilo twarudi mashariki kwa upande wa Kiloleli, tukipita vilima na mawe, mpaka Buzuruga, na jua likianza kupungua tumefika Nyakato.

Lakini mwenye nguvu bado aendelee kidogo na barabara ya Musoma hadi Igoma. Huko wamezikwa watu wa meli MV Bukoba. Meli hiyo ilitoka Bukoba ikiwa imejaa kupita kiasi, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa karibu, ikapinduka. Ilielea kifudifudi kwa muda, na waliokuwa nje wakasikia watu wakigonga ndani. Bamba likatobolewa ili waokolewe. Hewa ikatoka, meli ikazama. Waliokufa walipita 800. Wengi wa waliozikwa Igoma hawakutambuliwa, kwa hiyo yuko mzazi ajuaye kwamba mwanawe yupo makaburini pale, asijue ni kaburi lipi. Ingieni polepole, mvue kofia. Tarehe 21 Mei ndugu zao hufika kuomba dua, na mpita njia naye hafukuzwi.